Upande wa Ukutani

Kitanda kililia saa kumi alasiri, na juu yake hapakuwa na mtu.

Mke wa fundi alikuwa jikoni akifikicha nepi kwenye karai. Akainua kichwa, akasikiliza. Kililia tena, ule mlio wake wa siku zote, mrefu, unaoanzia chini na kupanda, kama mtu mzito anayejigeuza kutafuta ubavu wa kulalia. Kisha kikatulia. "Haya, lala," alisema mwanamke bila hata kugeuka, kwa sauti ileile aliyoitumia kuwafukuza kuku jikoni, akaendelea na nepi zake.

Mlio huo aliuzoea tangu utotoni. Kitanda kilikuwa cha bibi yake aliyemlea, cha mbao ngumu nyeusi, chenye matendegu manene na mchago mpana uliosuguliwa na vichwa vya watu wengi. Bibi alilala ukingoni maisha yake yote. Mjukuu alilala miguuni pake. Upande wa ukutani ulibaki mtupu, umetandikwa shuka safi, na ukiuliza ni wa nani unaambiwa ni wa ukutani, basi, kalete maji. Bibi alipofariki, kitanda kilimfuata mjukuu kwenye ndoa pamoja na agizo moja: "Kiache kilie. Usimruhusu mtu akikaze."

Tatizo ni kwamba aliolewa na seremala.

Mtaa mzima ulimwita Redio. Aliwaka anapofungua karakana asubuhi na kuzimika usingizini. Aliongea na wateja, akaongea na mbao, akaigombeza misumari iliyopinda kana kwamba ilimtusi mama yake, na akikosa wa kuongea naye aliimba. Lakini ilikuwa sauti ya kusikilizwa, nzito, yenye kicheko kilichojificha ndani yake. Mkewe aliipenda kabla hajamwona mwenyewe. Siku hizo msichana alikuwa akimpelekea chakula mjomba wake, seremala bubu aliyemfundisha Redio kazi, na siku moja akasikia nyuma ya rundo la mbao mtu anamwambia randa, "Wewe leo umeamka vibaya, kunywa mafuta kwanza." Alicheka mpaka sahani ikamponyoka. Miezi minane baadaye wakaoana.

Sasa fikiria aibu ya seremala ambaye kitanda chake mwenyewe kinapiga kelele. Karakana ilikuwa mbele ya nyumba na chumba cha kulala nyuma, na ukuta wa chumba waliugawana na mshona nguo, mwanamke mwenye mdomo usiojua kupumzika.

"Fundi," angesema mbele ya wateja, "jana taarifa ya habari ilikuwa ndefu!"

"Ilikuwa marudio, jirani," Redio angejibu, na watu wangecheka. Yeye naye angecheka, lakini moyoni ilimchoma. Alimwahidi mkewe kwamba hatakigusa, na kwa miaka minne hakukigusa.

Kisha akazaliwa Bonge.

Alikuwa na mashavu ya kumezea mate na mapafu ya mpiga tarumbeta, na kila kitanda kilipolia naye alilia. Alasiri kitanda, Bonge. Alfajiri kitanda, Bonge. Mtoto alipofikisha miezi mitano, mama yake alikuwa na macho mekundu na alisahau maneno katikati ya sentensi. Siku moja alisinzia amesimama mbele ya jiko na mkono wake ukaangukia kwenye sufuria. Redio aliufunga kitambaa mkono ule, akaufunga polepole bila kusema neno, jambo lisilo la kawaida kwake, na hapo ndipo alipoamua.

Jumanne asubuhi mke akaenda kliniki na mtoto. Redio akasubiri mpaka mwavuli wake upotee kwenye kona, akaingia chumbani na nyundo ya mbao, patasi na mfuko wa vifaa.

"Wewe bwana," alikiambia kitanda, "umetutesa vya kutosha."

Alitoa godoro, akatoa chaga, akagonga mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, ikaachia. Viungo vitatu vilikuwa imara kabisa. Cha nne, kwenye tendegu la upande wa ukutani, kule mchagoni, kilichezacheza kwenye tundu lake kama jino bovu. Redio akainama na kurunzi. Ulimi wa ile mbao haukuchakaa. Ulikuwa umepunguzwa kwa patasi, kwa ustadi, ili ucheze. Na pembeni yake palikuwa na duara lililochongwa, ndani yake duara lingine, ndani yake lingine tena.

Aliijua alama hiyo kuliko jina lake. Mwalimu wake hakuwa na sauti, kwa hiyo alifundisha kwa alama juu ya mbao: msalaba, maana yake kiungo kimekwisha, tia gundi; duara, maana yake bado, usiguse. Duara moja lilitosha kumzuia mwanafunzi asiharibu meza ya mteja. Matatu hakuwahi kuyaona popote.

Angeacha hapo. Lakini Redio alikuwa fundi, na fundi akiona kazi ya mwalimu wake haijakamilika hawazi kingine ila kwamba mzee alipitiwa. "Mjomba naye," alicheka, "akaweka bado, bado, bado, kisha akasahau kurudi!" Akachokonoa tundu kwa ncha ya patasi, ikatoka kabari ndogo ya mbao nyeupe, fupi kuliko kidole. Ilikuwa laini mno, imelainika kama kitu kilichonyonywa kwa miaka mingi, na ilinuka maziwa yaliyochacha. Aliitupa kwenye jiko pamoja na vipande vya mbao, akabandika juu yake kopo la gundi. Ilichelewa kushika moto. Iliposhika ilitoa mlio mwembamba, akasema ni unyevu.

Kufikia saa sita kitanda kilikuwa kimesimama. Redio alikikalia, akarukaruka, akajibwaga. Hakikutoa sauti hata ya kukohoa.

Mke alirudi, akamlaza Bonge, akaketi ukingoni kuvua viatu, akabaki na kiatu kimoja mkononi. Akainuka. Akaketi tena.

"Umefanya nini?"

"Kazi yangu," alisema Redio akitabasamu. "Leo utalala, mama."

Mke hakutabasamu. Saa kumi alikwenda kusimama mlangoni mwa chumba, akangoja, mikono imeshika fremu ya mlango. Dakika zikapita. Kuku walikuwa wakiparua uani, na mashine ya mshona nguo ilikuwa ikienda. Kitandani kimya.

"Sasa nitajuaje kama amelala?" alinong'ona.

"Nani?"

"Sijui. Sikuwahi kuuliza. Lakini siku zote nilijua akija na nilijua akiondoka. Sasa sijui chochote."

Redio alifungua kinywa amtanie, akaona upande wa ukutani. Shuka alilolinyoosha mwenyewe mchana lilikuwa na bonde refu, kutoka mchagoni hadi miguuni. Alipeleka kiganja. Palikuwa na joto.

Usiku huo Bonge hakuamka hata mara moja. Redio alijipongeza kimoyomoyo. Asubuhi aliamshwa na mkewe akimvuta shati, akimwonyesha mtoto. Bonge alikuwa macho, kinywa wazi, uso mwekundu, mishipa ya shingo imetoka, machozi yakitiririka mpaka masikioni. Alikuwa akilia kwa nguvu zake zote, na hapakutoka sauti yoyote.

Daktari alimulika koo, akabonyeza hapa na pale, akasema koo ni zima. Akauliza kama mtoto alipata mshtuko. Mke alimtazama mumewe. Redio alitazama ukutani, kwenye picha ya mtoto anayechanjwa. Hakuwa ameeleza habari za alama wala kabari, na sasa aliogopa kueleza.

Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita. Walihamia sebuleni, wakalala kwenye mkeka. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikaanza kutoka chumbani, mchana kwanza, kisha saa zote, hata nguo kabatini zikanuka. Bonge alilia bila sauti, akacheka bila sauti, na kila alipolia alionekana kushangaa, akakiangalia kinywa cha mama yake kana kwamba anauliza kile chake kina nini. Hilo ndilo lililomkata maini mwanamke yule kuliko yote.

Ijumaa, jua likielekea kuzama, alikuwa uani akianua nguo, mtoto begani. Mshona nguo alitoa kichwa dirishani.

"Afadhali mtoto amepona," alisema. "Maskini, mchukue basi, analia sana huko ndani."

Mama akageuka polepole. Na kweli kilio kilikuwa kinatoka dirishani mwa chumba cha kulala, kilio cha Bonge, chenye kile kikwikwi chake cha mwisho anapotaka kubebwa, ambacho mama hakuwa na haja ya kuambiwa ni cha nani kwa sababu angekitambua katikati ya soko, na huku kilio kikizidi na kupanda na kuita, Bonge mwenyewe alikuwa begani pake, mzito, anapumua, ameinua kichwa na kugeukia dirisha, anasikiliza sauti yake. Mshona nguo aliona vyote viwili, mtoto na dirisha. Alifunga dirisha lake bila neno, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtaani kwa mwanamke huyo kukosa la kusema.

"Niambie," mke alimwambia Redio karakanani. Hakupiga kelele, alinong'ona. "Chote ulichokiona humo ndani. Chote."

Alieleza. Maduara matatu. Kabari. Jiko la gundi.

"Uliona alama ya mjomba ukaivuka?"

"Nilidhani amesahau."

"Mjomba hajawahi kusahau hata msumari!" Akakaa chini kwenye vumbi la mbao, akalia, na Redio akakaa kando yake na kulia naye, kwa sababu alijua ni kweli na alijua tangu siku ile.

Walimtumia Mjomba ujumbe, akafika Jumapili mchana, mzee mwembamba mwenye penseli sikioni. Hakusalimia mtu. Aliingia chumbani, akaweka kiganja kwenye mchago, akakitoa haraka kama aliyeshika chuma cha moto. Kisha akaja karakanani, akachagua ubao uliopigwa randa, akaandika. Walisoma kwa zamu juu ya bega lake.

*Kabari iko wapi?*

"Nimeichoma," alisema Redio. "Nisamehe, Mjomba."

Mzee alikaa kitako. Akaandika kwa herufi ndogo, mpaka ubao ukajaa, akachukua mwingine.

Ni jini lisilo na sauti. Lilikuwa kwenye kitanda kile tangu kabla ya bibi kuolewa. Halina haja na damu wala nyama, linataka kusikika tu. Mjomba alizaliwa na sauti kama watoto wote, akalazwa upande wa ukutani, na akiwa na miezi sita sauti ikaenda. Wazazi wake walihangaika mpaka siku ya tisa ndipo wakapata mtaalamu. Alikuwa amechelewa. Siku saba zikipita, sauti hairudi kwa mwenyewe. Lakini sauti ya kuibwa huliishia mapema, kwa hiyo ili mtoto wa pili asalimike, baba yake Mjomba alitoa sauti yake ikatiwa kwenye kabari, ili jini liwe na mlio wake na lisitafute mwingine. Mjomba alipokua na kuwa seremala ndiye aliyekitengeneza upya kiungo na kuweka alama.

"Babu," alisema mke. "Ndiyo maana Babu hakuwa akiongea. Nilidhani ni ukali."

"Tukichome hiki kitanda," alisema Redio. "Nitakichoma sasa hivi."

Mzee akatikisa kichwa. *Kikikosa kitanda, litalala popote. Hapa angalau tunajua linalala wapi.*

Redio alihesabu kwa vidole. Jumanne, mpaka leo. Ilikuwa siku ya sita. Akamtazama Bonge mgongoni kwa mama yake, akicheka kimya kwa sababu penseli ya mzee ilikuwa inacheza, na hakuhitaji muda wa kufikiri.

"Nitatoa yangu," alisema. "Mimi si ninayo ya kuzidi?"

Alijaribu kucheka. Mkewe akaziba uso.

Ilifanywa jua likizama. Mjomba alikikata kiungo kwa msumeno, akakwangua gundi yote, akaupunguza tena ulimi wa mbao. Akachonga kabari mpya nyeupe, akamkabidhi Redio na kumwonyesha: aishike kwa meno, alale upande wa ukutani, aongee mpaka sauti iishe. Mke alisimama mlangoni na mtoto, maana hakukubali kukaa mbali.

Redio alilala. Upande ule ulikuwa na joto, na godoro lilikuwa limebonyea tayari kabla hajafika, likampokea, kisha likabonyea zaidi nyuma yake, taratibu, na kitu kikamkaribia kisogoni, hakipumui, kinasikiliza tu. Alianza kuongea na kabari mdomoni, maneno yakitoka yamepinda. Akasema habari za randa iliyoamka vibaya na sahani iliyovunjika, akasema vichekesho vyote alivyowahi kumtania mshona nguo, akaimba nyimbo zote za karakanani hata zile asizojua mwisho wake, akasema habari za mama yake na siku aliyojikata kidole na siku Bonge alipozaliwa na mvua iliyokuwa inanyesha, na kadiri alivyoongea sauti ilizidi kuwa nyembamba na harufu ya maziwa ikazidi kuwa kali, na ile kabari ikaanza kutetemeka kwenye meno yake kama mdudu aliyefungiwa, naye akaendelea, kwa sababu alikuwa amejiwekea maneno mawili ya mwisho, alitaka kumwambia mkewe nakupenda na kumwita mwanawe kwa jina, akayatunza mpaka mwisho kabisa, na alipoyafikia akafungua kinywa na hapakuwa na kitu.

Mlangoni, Bonge akalia.

Alilia mpaka kuku wakaruka uani. Mama yake akapiga magoti hapohapo, akambana kifuani, akicheka na kulia na kusema asante, asante, bila kujua anamshukuru nani. Mjomba akaichukua kabari, akaipachika kwenye tundu, akagonga mara tatu. Kisha akachonga alama zake upya. Safari hii maduara yalikuwa manne.

Kitanda kikalia, mlio mrefu, na kikatulia.

Mtaa ulizoea. Walisema fundi alipata ugonjwa wa koo, na mshona nguo, ambaye alijua zaidi, aliitetea hadithi hiyo kwa ukali. Jina la Redio halikubadilika, ila watu walilitamka kwa upole. Alijifunza kuandika kwenye vipande vya mbao kama mwalimu wake. Nyumba ilijaa vipande hivyo: *chai tamu leo*, *usichoke*, *nakupenda*. Mkewe alivihifadhi vyote kwenye kikapu. Lakini kuna jambo ambalo hakumwambia, kwamba alikuwa anaanza kuisahau sauti yenyewe, na kwamba alasiri akiwa peke yake alijaribu kuikumbuka na haikuja. Wao watatu walilala sebuleni. Chumba walikifunga kwa komeo, na kitanda kililia kwa wakati wake, alasiri na alfajiri, nao wakapumua.

Bonge alipokaribia mwaka, Redio akaanza kumtengenezea kitanda kidogo cha kwake. Alasiri moja mke alikuwa amefungua chumba ili atoe mashuka. Mtoto alikuwa sakafuni, amejishika kwenye mfumbati, anajifunza kusimama. Kutoka karakanani nyundo ilikuwa inagonga, tatu, moja, tatu.

Saa kumi. Kitanda kikaanza kulia.

Mlio ulipanda kama kawaida, ukafika mwisho wake, haukukoma. Ukapinda. Ukashuka chini, ukawa mzito, ukapata kicheko ndani yake.

"Mama," kitanda kikasema. "Umechoka. Njoo ukae kidogo."

Mashuka yakamponyoka. Alijua ni nini, alijua vizuri kabisa, na nyundo ilikuwa bado inagonga kule mbele. Alipaswa kumnyakua mtoto na kukimbia. Badala yake alifumba macho, machozi yakamtoka, kwa sababu ilikuwa sauti yenyewe, nzima, haikupungua hata chembe.

"Kunywa mafuta kwanza," sauti ikamtania, taratibu, karibu sana.

Akasogea hatua moja. Akakaa ukingoni.

Nyundo ilinyamaza. Redio alitokea mlangoni na kitanda kidogo mikononi, kinanuka vanishi mbichi, akamwona mkewe amekaa amefumba macho, anatabasamu kama hakuwahi kutabasamu tangu siku ile. Akamwona mwanawe amesimama kwa mara ya kwanza, ameachia mfumbati, amenyoosha mikono yote miwili kuelekea ukutani, ambako shuka lilikuwa limebonyea.

"Baba," alisema Bonge. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Redio akafungua kinywa.

Kitanda ndicho kilichoitika.